Kiti cha Posa ya Elina

Ikungi, Singida
Agosti 1975

Mpwa wangu Antipasi,

Marahaba, maana shikamoo yako naipokea hata kabla hujaiandika. Ni mimi mjomba wako Alute, mtu ambaye asipokohoa asubuhi kijiji hiki hakijui kwamba kumekucha. Hata Bwana Maendeleo huniuliza mimi kwanza kama mvua itanyesha. Hujambo huko Tabora? Kazi ya reli inakwendaje? Sisi huku wazima, ila moyo wangu.

Kiti cha babu yako unakijua. Tulipohamishiwa kijijini kilipakiwa kwenye lori chini ya jiwe la kusagia, kikapasuka matumbo nje. Ulipokuja likizo tuling'oa misumari pamoja, tukatoa majani makuukuu na kiota cha panya, nikakwambia mjomba hawezi kupokea posa ya dada yako Elina akiwa kwenye kigoda. Ulipoondoka nikashindilia katani. Kitambaa dukani kwa Shantilal hakuna, kwa hiyo nikaloweka ngozi ya fahali wangu mwekundu, nikaivuta ingali mbichi, nikaipigilia. Ilipokauka ilikaza kama ngoma. Mafundi wa mjini walikuja kujifunza, ila waliondoka upesi, watu wengi hawakuwaona.

Siku ya posa nikavaa koti. Naingia, juu ya kiti ameketi mdogo wangu Nathanaeli, miguu kainyoosha! Nikamwuliza kama amepotea njia. Akaikunja miguu. Mama yako akasema, kaka, leo atazungumza Nathanaeli. Akanikumbusha posa ya dada yako mwingine, Kristina, nilipowaambia wageni kwamba ziwa Singidani alilichimba babu yetu kwa jembe moja, nao wakaenda zao wasirudi. Mke wangu Febronia akadakia eti mimi nikaangalie mbuzi walioletwa. Nikawaambia Antipasi akisikia haya patachimbika. Hapo mama yako akasema polepole kwamba walikuuliza ulipokuwa likizo, na wewe ndiye uliyemtaja Nathanaeli.

Wewe, Antipasi! Niliyekubeba mgongoni hadi misheni ulipougua surua. Ungenitamkia usoni ningenuna, kisha yangekwisha. Lakini ulishika koleo, ukang'oa misumari pamoja nami, ukakisifu kiti ulichojua sitakikalia.

Basi nikakaa zizini, nyuma ya ukuta. Nathanaeli alianza vizuri, halafu maneno yakamkauka. Ndipo huyo mwizi akaichukua hadithi yangu ya tembo wa Rungwa, yule aliyenibebea mizinga kisha akadai asali ya ujira, akaisimulia kama yake, juu ya ngozi ya fahali wangu! Wageni wakaangua kicheko, posa ikapokelewa.

Elina na mama yako wanakusalimu. Nathanaeli naye anakusalimu, ingawa sikumwuliza. Mimi sijakusamehe, ila ule vizuri na ujifunike, Tabora ina baridi asubuhi.

Na hili usimwambie mtu. Tembo alipodai asali, aliyecheka wa kwanza ni mimi, kwa sauti kubwa, huko huko zizini. Mgeni mmoja akauliza nyuma ya ukuta kuna nani. Febronia akamjibu kwamba ni mbuzi.

Mjomba wako,
Alute