Ngata Kichwani mwa Tai

BOMA LA MOROGORO, KITUO CHA ASKARI POLISI
Maelezo ya shahidi, tarehe 23 Januari 1911

Jina: Kibwana bin Mwinjuma
Umri: kadiri ya miaka arobaini na tano
Kazi: mkubwa wa Chama cha Wapagazi
Makazi: Kilakala

Nimefika Tabora, Ujiji na Bagamoyo kwa miguu yangu hii, na Unguja wananijua hadi paka. Kusoma nilianza, msafara ukapita, nikaufuata. Lakini kuieleza ngao ya chama chetu hakuna anayeniweza.

Ngao ni ya ubao. Kuna mlima, kwa kuwa Uluguru umebeba maji tunayokunywa. Kuna punda, kazi yake mnaijua. Kuna fimbo mbili zimepishana, kwa kuwa mwenzetu akiugua njiani, fimbo mbili na shuka ndiyo machela yake. Sheria yetu ni moja: asiyebeba hakai kwenye ngao.

Mnamo tarehe 19 Januari, alasiri, Akida Nasoro alikuja bandani kwetu karibu na stesheni. Alisema sikukuu ya kuzaliwa Kaisari ngao itapitishwa mbele ya Boma, kwa hiyo juu yake achorwe tai wa Serikali.

Nikamuuliza, "Akida, huyo ndege amebeba nini?"

Wenzangu wakacheka.

"Chora, mshenzi wewe!" akasema, akaondoka.

Mwenye mkono wa kuchora ni mwenzetu Agustino wa Matombo. Alimchora tai mweusi, mzuri hata nikamwogopa. Kisha akaniuliza, "Kaka Kibwana, na sheria yetu je?"

Nikamwambia, "Mvike ngata."

Kwetu mgeni akiingia chamani, mkubwa humsokotea ngata ya majani ya mgomba, akamvika kichwani kabla hajagusa mzigo. Siku niliyovishwa mimi nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Tai naye alikuwa mgeni. Tulimpokea kwa heshima.

Mnamo tarehe 21, asubuhi, Akida alirudi na askari wawili. Akaiona ngata.

"Mmemfanya Kaisari mpagazi!"

Nikasema, "Aibu iko wapi? Chumvi unayokula ilikuja kichwani mwa nani?"

Hakunigusa mimi. Alimwangusha Agustino, akamkanyaga kiganja cha kulia, akakizungusha kisigino kama anayezima sigara. Nilisikia vidole. Andika hivyo hivyo, Ombasha, usilainishe.

Sasa Agustino mmemtia mahabusu humu, na nasikia atachapwa viboko hamsa ishirini kwa kumtukana Kaisari. Nani katukana? Anayesema kubeba mzigo ni tusi ametutukana sisi, na mama zetu waliotubeba. Misumari ya Boma hili, sahani, hata kitanda cha Bwana Mkubwa, vyote vililetwa na shingo zetu kabla reli haijafika. Kitandani analala, shingo anaitemea mate!

Mkono ulikuwa wa Agustino, neno lilikuwa langu. Najua atanyamaza ili kunificha. Ndivyo alivyo, mjinga yule. Kama mnatafuta mgongo, huu hapa, mpana kuliko wake. Yeye mumwitie mganga wa vidole leo.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, sikulishwa neno.

(Sahihi) Kibwana bin Mwinjuma

Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Nilikuwa nimeandika "naomba mumwitie mganga". Alikataa neno "naomba", nikalifuta. Nimemruhusu kwenda tangu saa nne. Hajaondoka. Amekaa mlangoni mwa mahabusu, anamlisha mtuhumiwa Agustino uji.

Ombasha Stambuli