Jiaozi Zisizo na Ngano na Ujio wa Mama Liao

CHAMA CHA WAPISHI WASIOTUMIA NGANO, RICHMOND
Tarehe: 17 Januari
Mahali: Jikoni kwa Katibu

Waliohudhuria: Bi. Rosalinda Macaraeg (Mwenyekiti), Bi. Lu Yi-chun (Katibu), Bw. Bang Gyu-ho (Mjumbe)
Mgeni: Bi. Liao Chin-mei, mama mkwe wa Katibu
Hakuhudhuria: Bw. Hsu Po-han, mume wa Katibu (alikuwa sebuleni, jikoni haruhusiwi kwa sababu hudokoa)

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Baada ya wajumbe kunawa mikono, Mwenyekiti alikumbusha kwamba Bw. Hsu, ambaye tumbo lake halipatani na ngano, mwaka jana alikula wali mtupu sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huku ndugu zake wakila jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama na kabichi. Alisema jambo hilo lisirudiwe.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU
Bw. Bang alipinga kuandikwa kwamba chapati yake ya kikao kilichopita "ilitafunika kama soli". Katibu alieleza kwamba maneno hayo ni ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa akisifu uimara. Kumbukumbu zilithibitishwa, Bw. Bang akiwa amenuna.

KUMB. NA. 3/7: SOSI YA SOYA
Bw. Bang aliwasilisha chupa ya sosi. Mwenyekiti alisoma kibandiko, akakuta ngano imetajwa.
"Kaka Bang, unataka kumuua mume wa mtu?"
Bw. Bang alijibu kwamba yeye husoma upande wa mbele tu, wenye picha. Chupa ilitolewa nje na mwenye chupa akanawa upya.

KUMB. NA. 4/7: JARIBIO
Mama Liao alipewa nafasi ya kutoa neno. Alisema, "Jiaozi bila ngano ni uji wenye kiburi." Katibu aliendelea kupima unga, kwa ajili ya amani ya ndoa yake.

Unga wa mchele na wanga wa muhogo vilikandwa kwa maji baridi. Jiaozi zote zilipasuka sufuriani. Mama Liao alisema, "Mimi sisemi kitu," kisha akasema kwa muda mrefu.

Sauti ya Bw. Hsu ilisikika kutoka sebuleni: "Mama, zikipasuka niletee hata hiyo supu. Nitakunywa."

Mama Liao alikatiza hotuba. Alivua bangili. "Mkwe wangu, chemsha maji. Nataka yatokote." Aliyamimina juu ya unga mpya, akakanda huku akilaumu mchele, jiko na Bw. Bang. Za kwanza zilipasuka pia, na aliagiza zisiandikwe. Zilizofuata zilishika.

KUMB. NA. 5/7: TATHMINI
Bw. Hsu aliitwa. Alikula ya kwanza akiwa amesimama, akatazama mikunjo ya jiaozi ya pili.
"Mama, hizi umekunja wewe?"
"Nilikuwa napita tu."

Alikula sahani nzima bila kuinua kichwa. Wajumbe hawakubakiziwa hata moja, hivyo kura ya ubora haikupigwa.

KUMB. NA. 6/7: MENGINEYO
Mama Liao alitoa hoja kwamba mwaka huu ukoo wote ule jiaozi za mchele, ili mwanawe asikae tena na sahani ya peke yake. "Atakayelalamika aende akale kwao." Katibu aliunga mkono hoja ya mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Hoja ilipita.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:20 jioni, Bw. Hsu akiuliza kama unga umebaki.

R. Macaraeg, Mwenyekiti ..................
Lu Yi-chun, Katibu ..................