Paipu Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi kimekula dakika arobaini. Arobaini! Meneja mpya katuchorea mistari ukutani, wa kijani unapanda, mwekundu unashuka, na sisi watu wazima tumesimama kumtolea macho. Tunamwita Bwana Chati na nadhani anajua. Hajawahi kushika paipu ya titani iliyotoka sasa hivi kwenye benchi, ile mashine ya kuvutia paipu. Angeishika, angejua kuwa chuma hiki hakina habari na chati zake.

Titani ina kiburi. Unaivuta baridi, bila moto, kupitia tundu lililo dogo kuliko yenyewe. Inapungua kidogo tu, tena kwa kununa. Inaingia tanurini ilainike, inarudi, inavutwa tena. Mara tano. Usipoyaacha mafuta uliyoipaka yakauke kwanza, inang'ang'ania tundu, na benchi linapiga ukelele wa kusikika mpaka getini. Mwisho wa yote inakwenda kuwa mshipa wa mafuta ndani ya ndege. Mkwaruzo mmoja ndani, mwembamba kama unywele, na siku moja paipu inapasuka watu wakiwa juu. Ndiyo maana mwisho wa kazi pamewekwa mtu mwenye macho. Mimi. Miaka ishirini na sita. Wananiita Mzee Macho, na hilo jina sikujipa.

Bwana Chati kaniletea boksi la geji mpya, vile vijiti vya kupimia ndani ya paipu, zenye ncha za plastiki. Eti hazikwaruzi. Nimemshukuru vizuri sana. Boksi nimeliweka mezani, juu yake kikombe changu cha chai. Limekaa vizuri, halichezi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua paipu thelathini na mbili za Shemeji, mdogo wake mke wangu. Ndiye mvutaji wa benchi la pili. Kazi nilimtafutia mimi, miaka sita sasa, na toka siku hiyo nalipa kwa aibu. Ana maonyo mawili ya maandishi: moja la kuchelewa, moja la kuacha taulo juu ya mota. Mtu mzima, ana mke na watoto watatu, anaacha taulo juu ya mota.

Napima kwanza, ndipo nachungulia. Kitabu cha taratibu za kazi kinasema chungulia kwanza, pima baadaye. Kitabu kiliandikwa na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka. Nikipima kwanza, paipu isiyo saizi inatoka mapema, sipotezi tochi yangu bure. Geji yangu ya chuma inaingia mpaka kwenye mpini, natoa, namulika, naandika. Sekunde ishirini.

Kumi na nne za kwanza: safi. Nikiwa nazimaliza, Bwana Chati akanitokea nyuma kuuliza tumefika asilimia ngapi. Mtu anatembea kama paka. Geji ikaniponyoka, ikapiga sakafu. Nimeipangusa kwa leso, nikamwambia asilimia sijui, najua paipu.

Kumi na nane zilizofuata: zote zina mkwaruzo. Zote! Mstari mmoja, ndani, unaanzia mdomoni. Nimezitia alama nyekundu moja baada ya nyingine. Ni dhahiri kilichotokea. Asubuhi alipaka mafuta vizuri, baadaye uvivu ukampanda kichwani. Nimeandika hivyo kwenye ripoti: mafuta hayakukauka, mvutaji alikimbiza kazi. Nimetia sahihi.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaja mezani kwangu na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa. Anasema mafuta aliyaacha yakakauka saa zote zinazotakiwa. Anasema benchi halikulia hata mara moja. Shemeji, anasema, lingelia si ungelisikia wewe, uko hatua kumi.

Nikamwambia macho yangu hayasikilizi, yanaona.

Jibu zuri. Nilikaa nalifurahia mpaka chakula cha mchana. Ila ni kweli sikusikia kitu. Labda nilikuwa nimeziba masikio. Huwa naziba.

Ofisi imempa barua. Onyo la tatu ni kikao, na kikao cha onyo la tatu mtu hatoki na kazi. Ni Ijumaa, saa nne.

Nyumbani mke wangu kanipakulia chakula. Halafu kasema, uliangalia vizuri? Mimi! Nikamuuliza kama nimewahi kuja jikoni kumfundisha chumvi. Akasema ndiyo, kila siku. Nimekula nikaondoka mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi kaja Miwani, binti wa maabara. Ana miezi saba hapa, na kamera yenye mkia mrefu anayoitembeza kama mbwa wake. Bila kuombwa na mtu ameingiza huo mkia kwenye paipu zangu nyekundu. Anasema, Mzee, mkwaruzo hauendi mbali. Sentimita ishirini kutoka mdomoni, basi. Kutoka hapo paipu ni safi mpaka mwisho, mita tatu. Anasema mkwaruzo wa kuvuta ungekwenda urefu wote.

Ananifundisha mimi mkwaruzo wa kuvuta.

Nikamwambia kamera yako ina ukungu. Akaifuta, akaangalia tena, akasema hapana, haina. Akaandika karatasi yake, akampelekea Bwana Chati. Nimepita baadaye ofisini kwake kuchukua fomu, nikaiona ile karatasi chini ya simu. Bwana Chati kasema usijali, Mzee, hawa vijana wana maneno mengi. Wewe ukishasema umesema.

Kwa mara ya kwanza tangu afike nimempenda. Imedumu hatua chache za korido.

Maana sentimita ishirini hazikunitoka. Nimetembea nazo korido nzima. Mkwaruzo wa kuvuta unakwenda urefu wote, hilo nilikuwa nawafundisha watu kabla Miwani hajazaliwa. Kwa nini sikumulika mpaka ndani? Kwa sababu nilishajua. Niliona mdomo wa paipu ya Shemeji, nikajua.

Wenzangu wameenda kula. Nimekaa mezani peke yangu. Nimechukua rula, nikaiweka kando ya geji yangu, kutoka ncha mpaka mpini.

Ishirini.

Nimepitisha ukucha kwenye ncha. Ukucha umekwama. Kijino kidogo, huwezi kukiona, pale ilipopiga sakafu. Nimetafuta kipande cha paipu kilichobaki, safi. Safari hii nimechungulia kwanza, kama kitabu kinavyosema. Ndani kinang'aa. Nimeingiza geji, nimetoa, nimemulika tena.

Mstari mmoja, kuanzia mdomoni.

Nimerudia na kipande kingine kwa sababu mimi ni mjinga. Vilevile. Kumi na nne kabla haijaanguka, kumi na nane baada. Hata Bwana Chati angeweza kuichora hiyo. Nimezikwaruza mwenyewe, kwa mkono wangu, halafu nikazimulika na kushangaa uzembe wa mtu mwingine. Na sahihi juu.

Nimenyanyua kikombe. Boksi la geji za plastiki lina duara la chai, siku nne za chai.

Nimeona aibu. Halafu, nakiri hapa kwa kuwa hasomi mtu, nimefikiria pipa la asidi. Tunaoshea paipu humo. Geji ingeanguka ndani, ingeharibika, nani angeuliza? Nimesimama kando ya pipa kama dakika tano. Nimeitia mfukoni, nikatoka.

Mke wangu leo hakuuliza kitu. Heri angeuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne kasoro kumi. Naandika kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kikao. Geji iko mfukoni, imefungwa kwenye leso. Hotuba nimeipanga toka alfajiri: nitaingia, nitaiweka mezani, nitasema. Maneno machache. Nimeyasema kwenye kioo nikinyoa na hayakuwa magumu hata kidogo.

Bwana Chati kapita na faili. Kanipiga bega. Anasema wakinihitaji wataniita, ila hawatanihitaji, ripoti inajitosheleza. Ananisifu, mpumbavu yule. Wapumbavu tuko wawili, mmoja yuko ndani na faili.

Shemeji kafika. Shati limepigwa pasi, naijua pasi hiyo, ni ya dada yake. Kumbe alipita kwangu mapema na sikuambiwa. Kakaa karibu yangu. Nimefungua mdomo nimwambie. Akawahi yeye.

Anasema, Shemeji, nimelala na hili jambo nikaamka nalo. Wewe macho yako hayajawahi kukosea. Kama umeona, basi nilikosea, hata kama sikumbuki. Labda nilikimbiza mafuta kweli. Nitakubali tu kosa, labda watanionea huruma. Sitaki watu waseme umenionea wewe, wakati wewe ndiye ulinileta.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Yamekwama kama titani kavu. Nilichoweza kusema ni: subiri.

Akasema, nisubiri nini?

Mlango ukafunguliwa. Wakaita jina lake tu. Akasimama, akavuta shati, akanipa kofia nimshikie.

Saa nne na dakika tatu. Mlango huu ni wa mbao nyembamba, sauti zote zinapita. Bwana Chati anasoma ripoti yangu neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi. Naisikia na imeandikwa vizuri, haina tobo. Kofia iko magotini. Geji naihisi pajani kila nikipumua.

Anamuuliza kama ana la kusema. Shemeji anakohoa kidogo, kama anavyokohoa kabla ya kuniomba kitu nyumbani. Anasema, Mzee Macho hawezi kukosea, kwa hiyo... Naweka kalamu chini, naingia na geji.