Baridi Haibishi Mulango ya Bunia

Asifiwe, mupwa wangu uko mbali,

Barua yako ya Kampala imefika na shofere ya Aru. Mimi noko yako, kaka ya mama yako, nilimusomea mama yako mbele ya kibanda yetu ya shitingi, ile turubai ya wakimbizi, hapa kambini, watu wote wakisikia. Nilisoma muzuri sana, hata askari wa barabara walizima redio yao. Lakini ile maneno ya Kingereza wanakufundisha kule, aibu ilinipata mimi.

Unaandika eti majira ya baridi "inabisha mulango". Hapa Bunia wenye kuja kwa mulango tunawajua, na hakuna hata mumoja alibisha. Eti majani "yanavaa dhahabu". Jani ya muhogo ikigeuka rangi kwetu ni ugonjwa, tunang'oa. Eti majira ya kuchipua "imeruka". Nini iliruka, panzi? Na hata kule Kampala hiyo baridi haiko. Unakariri hali ya hewa ya watu wenye haujawahi kuwaona.

Mvua ya kwetu weye uliijua na miguu. Unakumbuka shamba yetu ya Iga Barrière? Mi nilikuwa nanusa mvua ingali Uganda. Mwaka ile kamio, lori ya mizigo, ilizama mu matope, niliitoa na bega hii moja, shofere analala ndani, hakuamuka. Siku ile ile ulikuwa unasimama mu shamba na kikapo ya maharagi, na siye wote tunakungoja, maana kwa nyumba yetu mbegu ya kwanza inawekwa na binti mukubwa. Ukaweka, ukafunika na kisigino, ukasema, "Haya, wazee, mufanye kazi." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati tulikimbia vita, aliacha sufuria, akabeba ile mbegu. Hapa tumelala na njaa, hakuipika. Kanisa ikatupa kipande ya udongo nyuma ya ukuta, mvua ikaanza. Akasema tungoje barua, Asifiwe atasema siku ya kuja. Nikamuambia mi mwenyewe nitaweka, mukono hii iliotesha hata fimbo ya padri. Akaniuliza, "Weye ni binti?"

Basi barua ikafika. Nikasoma baridi yako, majani yako, mpaka mwisho. Siku ya kuja hapana. Akaniomba nigeuze karatasi, labda uliandika nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Akasimama, akaita binti ya jirani, ule mwenye mama yake hakufika Bunia. Akamupa kikapo.

Maharagi imeshaota, mupwa wangu. Usisumbuke na safari, endelea na Kingereza yako. Ule binti anapalilia kila asubui. Mama yako anamuita Asifiwe, na anaitika.

Ubaki na majira yako.

Ni miye, noko yako wa Bunia