Meza Tupu, Mlango Wazi

Hoteli ya Ukingoni,
Ngorongoro,
S.L.P. 19, Karatu.
11 Desemba 1977

Mpendwa kaka Eliaichi,

Shikamoo, kaka. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye ukungu. Kama una blanketi karibu jifunike kwanza ndipo usome, maana nasikia huko Uswidi siku hizi jua linazama watu wakiwa bado na chakula cha mchana mdomoni. Kifua chako kinaendeleaje? Mama aliniambia umekohoa mwezi mzima na bado unajifanya hujui njia ya kwa daktari. Wifi Lusia hajambo? Na huyo Eliamani mdogo, ameshaota meno? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kichwa ndicho hakijatulia, na sababu utaiona mbele.

Machame nilikwenda mwezi wa tisa. Baba goti limepungua maumivu, ameanza tena kupalilia migomba mwenyewe na kumgombeza kila anayetaka kumsaidia. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume, Mama amenuna siku mbili kwa sababu alitaka jike. Kahawa mwaka huu ni nzuri. Kila jioni wanauliza utarudi lini, nami nawajibu kwamba masomo ya uongozi wa biashara ni marefu kwa sababu viongozi ni wagumu kuelewa. Sasa hata mimi naanza kuamini jibu langu.

Kitabu chako nilikipata. Ulisema ni zawadi ya kunipongeza kwa kupewa umeneja, nami nakushukuru sana. Huyo mzee aliyeandika maisha yake, aliyeanza kwa kufagia kiwanda cha majokofu akaishia kukimiliki, nimempa jina la Bwana Majokofu, maana la kwake linanishinda kutamka. Anavyokunja mikono pale kwenye jalada, utadhani tumemchelewesha. Nimemsoma kwa kamusi kila jioni, nikiwa nimevaa soksi mbili. Ni mtu wa kujiamini ajabu. Ningependa kumwona hapa Ukingoni, mahali ambapo siagi tunaiweka kando ya jiko ili kisu kipite, aniuzie jokofu.

Unajua hali yetu ilivyo. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe mwezi wa pili, zile gari za watalii zilizokuwa zikipanda kutoka Nairobi zimekatika kabisa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mgeni haji, na mwenyeji anakohoa. Kuna siku tumechemsha maji ya hoteli nzima kwa ajili ya Mjerumani mmoja na kamera yake, naye akasema yeye huoga asubuhi tu.

Basi mwezi wa kumi dereva alileta bahasha kutoka ofisini kwetu Arusha. Wenyewe walikuwa wameshapunguza watu wa bustani na wa vyumba. Jikoni wakaniachia mimi: mtu mmoja aondoke, nimchague, nitume jina.

Jikoni wako watatu tu, kaka. Yuko Germana wa Karatu, mpishi, mjane mwenye watoto wanne wanaosoma. Yuko Metui, Mmaasai wa hapa hapa juu, anayepasua kuni na kuwasha moto wa maji ya kuoga. Yeye ana mishahara ya ndugu wengi katika mshahara mmoja. Na yuko mzee Bartolomeo, Mmbulu wa Mbulumbulu, mwoka mikate. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuja hapa msichana wa mapokezi, nisiyejua hata kujifunika kwa baridi hii. Alinipa koti lake la zamani, na mpaka leo ninalo. Sasa mikate yenyewe anaoka miwili mitatu kwa siku, mingine tunakula wenyewe.

Nilikaa na ile bahasha siku kadhaa bila kumwambia mtu. Usingizi ulinikimbia. Nikasema, kaka yangu hakunitumia kitabu bure, ngoja nimuulize Bwana Majokofu. Kaka, nilimfuata kama mtoto wa kipaimara anavyofuata mafundisho. Anasema kiongozi mwenye uamuzi mzito kwanza asafishe meza yake, kwa sababu makaratasi juu ya meza ni woga. Nikasafisha. Hata picha ya Baba na Mama niliiondoa nikaitia kwenye mkoba. Anasema mlango wa ofisi uwe wazi mchana kutwa ili watu waingie na mawazo yao. Nikaufungua. Ukungu uliingia kabla ya mtu yeyote, ukakaa kitini.

Halafu ile ya mkutano. Anasema, mkuu akitangulia kusema, wengine watamwitikia tu. Kwa hiyo anyamaze, asikilize, aseme wa mwisho. Nikaona hili ni la busara. Nikawaita jikoni wote asubuhi, nikaketi, nikanyamaza.

Kaka, hapa mkutano haufunguki mpaka mkubwa ausalimu. Nani atamtangulia meneja? Wakaniangalia, nikawaangalia. Germana akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Metui akatazama viatu vyangu. Kimya kilipozidi, mzee Bartolomeo alisimama, akavua kofia, akasali sala fupi ambayo niliwahi kuisikia msibani tu. Wote wakaitikia amina, wakanipa mkono mmoja mmoja, wakaenda kazini. Nami nikabaki pale na neno langu la mwisho, sina wa kumwambia.

Nilidhani pengine hivyo ndivyo mkutano mzuri unavyokwisha. Kumbe wenzangu walikuwa wameshanisoma kuliko nilivyosoma kitabu. Bahasha imetoka Arusha. Meneja hali chakula vizuri. Meza imebaki tupu, picha ya wazazi imeingia mkobani, mlango uko wazi kama nyumba inayohamwa, na leo katuita akashindwa hata kutuaga. Maana yake ni moja: meneja wetu Aikande amefukuzwa kazi.

Saa kumi jioni walikuja nyumbani kwangu. Germana alibeba debe la mahindi na sufuria ya maziwa. Metui alikuwa na kondoo dume mnene, anamvuta kwa kamba. Mzee Bartolomeo alikuwa na gunia la maharage begani. Wiki ile alikuwa akilala kwake Mbulumbulu, na gunia alikuja nalo asubuhi ile ile, maana walishaanza kunishuku tangu meza ilipobaki tupu. Wakaketi. Waliketi karibu karibu, ndivyo watu wanavyofanya kwa aliyefikwa na jambo.

"Hii kondoo ni ya safari," Metui akasema. "Usiuze. Kula na wazazi."

Mzee Bartolomeo hakuniita Ndugu Meneja kama siku zote. Alisema, "Mwanangu, usiende kwenu umeinama. Nimeongea na mama wa nyumbani kwangu. Kule juu ya mto nina kipande hakina mtu. Tutakukatia. Chumba kipo. Ulime, utulie, kazi nyingine itakuja."

Nililia, kaka. Nililia mpaka Germana akanishika mabega, akisema pole, pole, kazi siyo mama yako. Na kadiri walivyonibembeleza ndivyo nilivyozidi, kwa sababu ile bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa sweta langu na ilikuwa inanichoma. Mwisho nikashindwa. Niliwaambia kila kitu: mimi nabaki, ni mmoja wao anayeondoka, na nimeambiwa nimchague mimi.

Nilingoja wasimame na kuchukua vitu vyao. Ningefurahi, nakuambia kweli. Germana alitazama sufuria yake. Kisha mzee Bartolomeo akauliza, "Kwa hiyo wewe hujafukuzwa?" Nikasema sijafukuzwa. "Basi tumshukuru Mungu," akasema, akavua kofia mara ya pili siku ile, akasali. Wakaondoka. Kondoo akabaki.

Kesho yake asubuhi nilikuta mkate wa moto juu ya ile meza tupu, na mzee amesimama mlangoni. Akasema, "Funga huu mlango, mwanangu, unapasha moto mlima mzima bure. Na hilo jina, tia langu. Wale wawili hawana shamba." Nikaanza kumwambia hapana, nikaanza kumweleza kwamba nitakwenda Arusha kuwaomba. Akanisikiliza mpaka nikachoka, akarudi jikoni.

Arusha nilikwenda kweli, usidhani nilikaa tu. Nilingoja kwenye benchi hadi mchana, na yule mkubwa alinisikiliza akiwa amesimama. Meza yake pia ilikuwa tupu. Aliniuliza kama nataka achague yeye, akasema akianza kuchagua hataishia kwa mmoja. Basi nikaandika Bartolomeo.

Hapo ndipo ninapotaka unisaidie, wewe unayesomea mambo haya. Kitabu kinasema mtu wa kupunguzwa ni yule ambaye kazi inaweza kuendelea bila yeye. Kwa mikate, ni kweli, kazi inaendelea. Germana anaoka, nje imeungua na ndani mbichi, na wageni wenyewe wako wapi? Kwa hiyo nimefanya sawasawa? Lakini kinasema pia kiongozi asiutue mzigo wake begani mwa mwingine. Mzee aliubeba mwenyewe, au mimi niliutua? Nikisoma ukurasa mmoja najiona hodari, nikigeuza najiona mwizi. Na hakuna mahali Bwana Majokofu anaposema ufanye nini na gunia la maharage la mtu uliyemwachisha kazi. Nilimrudishia, akakataa. Kutupa ni dhambi. Basi nayala, kaka, na yanaiva upesi, matamu. Wanasema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi. Binadamu huyo ndiye mimi, na kondoo wa Metui ananitazama dirishani kila nikitaka kusahau.

Kwetu ningechukua jani la sale, nikaenda nalo kuomba msamaha, na hakuna Mchaga ambaye angelikataa. Hapa nilitafuta sale mpaka nyuma ya kanisa, hakuna. Na hata ningelipata, Mmbulu angejuaje kama nimemletea msamaha au majani ya mbuzi?

Jumamosi iliyopita nilipanda lori la vyakula hadi Karatu, nikapata trekta la kwenda Mbulumbulu. Nilichukua sukari, sabuni na lile koti lake la zamani, sijui kwa nini nililichukua, labda nilitaka kumrudishia. Nilimkuta shambani. Amenawiri, kaka! Huku hotelini alikuwa amekunjamana kwa moshi, kule amenyooka kama kijana. Mama wa nyumbani alinikaribisha maziwa, akacheka na mimi, hakunitupia hata neno moja la pembeni. Ningependa angenitupia.

Baadaye mzee akanichukua hadi juu ya mto. Nikaona kipande kimelimwa, udongo mwekundu umesawazishwa vizuri, maharage yameshatoa majani mawili mawili. Pembeni ameweka mpaka wa mawe. Nikamsifu, nikauliza kama shamba lile ni la mwanawe.

"Ni lako," akasema. "Si nilikupa?"

Nikamwambia, mzee, ulinipa ukidhani nimefukuzwa. Mimi sikufukuzwa, ulifukuzwa wewe.

Aliinama, akang'oa gugu moja, akalitupa nje ya mawe. "Najua," akasema. "Siku yako bado."

Hakusema kwa hasira, naapa. Alisema kama mtu anayesema mvua bado. Kisha akanionyesha mfereji wa kunyweshea, na mahali nitakapoweka jembe langu. Nilirudi na lile koti nimelivaa, maana mvua ilitukuta njiani, na trekta halina paa.

Mpaka leo sijui kama alinifariji au alinitisha. Nimeketi ofisini nikuandikie, mlango nimeufunga, picha ya Baba na Mama nimeirudisha mezani na makaratasi yote, na bado nageuka kila nikisikia gari linapanda kutoka upande wa Arusha.

Kaka, usinitumie kitabu kingine. Nitumie mbegu za kabichi za huko, kama zinaruhusiwa posta. Nimeambiwa maharage peke yake hayatoshi kwenye kipande kile.

Germana anakusalimu bila kukufahamu, Metui naye anauliza kama huko mna ng'ombe. Baba na Mama wanakuombea kila usiku, na Mama anasema uende kwa daktari. Mbusu Eliamani mdogo, msalimie sana wifi Lusia. Mungu awafunike kwenye hiyo theluji, awape Krismasi ya amani, na siku moja awarudishe tukae sote kwenye moto mmoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponichanganya,

Aikande