Sikuizima, Nilichomoa Waya

Nyumbani, chumba cha mbele,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu,

Hujambo? Mumeo naye? Na kitukuu wangu Mashavu, meno yamefika mangapi? Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika, lakini linanifikisha.

Sasa kaa chini usome mpaka mwisho. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nilikudanganya. Wiki tano nakuambia hatuwezi kuonana kwa video, mtandao mbaya, kumbe mtandao hauna kosa. Kompyuta uliyoniachia niliiua mimi. Ulisema nisiizime ikiwa inajisasisha. Sikuizima! Nilichomoa waya wake nichomeke pasi, na kuhusu pasi hukusema neno. Betri yake unajua ilishakufa zamani. Kuirudisha kwenye umeme, kioo cheusi ti! Feni inavuma, sura hakuna.

Nikaona aibu. Mimi niliyewafokea nyote kwa kugusa visivyowahusu!

Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mnene mwenye miwani. Akasema picha zako zi salama. Kilichoharibika ni maagizo ya kuiamsha mashine, nayo yamo ndani ya chipu ya miguu minane, ndogo kama ukucha wa mtoto. Akaibana kwa kibanio chenye nyaya, akaunganisha na kompyuta yake, akasoma yaliyomo mara mbili. Hayakulingana; kibanio kiliteleza.

Nikamwambia, "Bana sawasawa mwanangu, hapo hushiki mkia wa ng'ombe."

"Na wewe bibi, usiegemee meza."

Nikaondoa viwiko. Alisema kweli.

Akarudia mpaka yakalingana, akaweka nakala, akafuta mabovu, akaandika mazima, akayahakiki. Alipoiwasha, kioo kikakaa cheusi muda mrefu. Mjukuu wangu, sikuwa nikiwaza mashine. Niliwaza kwamba mtoto wa mwaka mmoja husahau upesi, na wiki tano kwake ni umri mzima. Hajawahi kunishika mkono. Ananijua kwa kioo hicho tu.

Mara Mashavu huyo! Ile picha uliyoiweka, povu la sabuni kichwani. Fundi akauliza huyu nani. Nikasingizia vumbi machoni.

Uliponiambia ameanza kutembea, nikakata simu kwa uongo ule ule wa mtandao. Nisamehe. Na usinizoee, msamaha siombi kila siku.

Msalimie mumeo, umwambie apunguze ukimya. Shangazi yako anakusalimu. Bado anabishana na kila mtu. Mungu awalinde, awape usingizi na afya.

Jumamosi asubuhi piga. Nitakuwa nimeshakaa mbele ya kompyuta. Ila nisikilize: usimwambie mtoto mimi ni nani, wala usimnong'oneze jina langu. Mweke mbele ya kioo, umwache. Akinikataa, nitaanza naye upya. Sina kazi nyingine.

Wako akupendaye hata anapofoka,
Bibi