Mkono wa Baba Ukikaribia Mdomo

Alhamisi, Ntobeye. Rasharasha tangu alfajiri, migomba inadondosha maji, na mimi nimechoka kwa safari lakini kichwa kimekataa kutulia.

Jana niliona ubongo wa baba yangu.

Sijui niandikeje. Miaka kumi na miwili nafundisha sayansi darasa la sita. Nachora kichwa ubaoni, naandika majina ya sehemu, nafuta. Nilidhani naujua.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Kilikuwa kidogo, tukamshukuru Mungu: alirudi kutembea, akarudi kusema. Miezi kadhaa baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Ukilala pajani unatulia. Akiuinua kuelekea mdomoni, kadiri unavyokaribia ndivyo unavyozidi, mpaka kijiko kinagonga meno. Sisi tukawa tunaukanda kwa samli ya moto. Mkono, jamani.

Kwa wasiotujua: kwetu mwenye nyumba huonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kumpa mgeni. Ndiyo kusema haina kitu ndani. Mwezi uliopita jirani yetu, Mzee Sebastiani, alikuja na wazee wawili kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Baba akainua kibuyu aonje. Mkono ukamcheza vibaya, rubisi ikamwagika, halikufika hata tone mdomoni. Wazee wakatazamana. Wakaaga bila kunywa.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekunywa kwetu. Baba yangu, katika uzee wake, anasemwa kuwa anawawekea watu sumu.

Basi jana tukaenda hospitali ya rufaa. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia baba shikamoo, kisha akatuonyesha picha: doa jeupe, dogo kama punje ya maharage. Nikauliza, mwalimu mzima, kama hapo ndipo penye mambo ya mkono. Akasema hapana. Akaeleza taratibu kwamba wengine wameumia mahali tofauti kabisa na bado wanatetemeka vilevile, kwa sababu sehemu hizo zimeunganishwa katika mtandao mmoja: ubongo mdogo kule kisogoni, kituo cha katikati, na tabaka la juu linaloamuru mkono. Zinaulizana na kujibizana kila mtu anapoinua kikombe. Njia ikijeruhiwa popote, mazungumzo yanavurugika, na kinachoonekana ni mkono.

Nikawaza jinsi lori likikwama mpakani Kabanga mawese yanavyoadimika huku, nasi tunamlaumu mwenye duka.

Kila asubuhi naokota chaki bila kufikiri, kumbe ndani kuna baraza zima limekaa kwa ajili ya chaki hiyo.

Dawa tumepewa. Huenda zikasaidia, huenda zisisaidie, daktari hakutuficha. Baba hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Daktari mwanangu, na roho mbaya, hapo ingeonekana?"

"Hapana, mzee. Hapa naona jeraha tu."

"Basi nipe hiyo picha."

Leo tuliposhuka kwenye gari hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Sebastiani, picha ikiwa ndani ya koti. Alipoiinua kumwonyesha, ilitetemeka mno, hakuna kilichoonekana. Sebastiani akaishika upande wa pili. Nikaeleza kama nilivyoelezwa. Mzee Sebastiani akamwita mkewe alete rubisi. Akaonja, akampa baba. Nusu ilimwagikia suruali ya mwenyeji, naye hakujifuta.

"Kesho jioni tutakuja kwako," akasema. "Utaonja mwenyewe, hata kama itachukua muda."

Baba amerudi anaimba. Mimi siwezi kuimba.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile wazee walipoondoka, baba alipoingia ndani, mimi binti yake niliinamia kile kibuyu nikakinusa.

Kesho, kabla hawajafika, nitamwambia baba.